Data ndogo inapita, kubwa inaiua Python: pointa iliyokatwa katikati

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina maktaba ya C ya kuchuja mawimbi, iliyoandikwa na mwenzetu ambaye ameshaondoka kazini. Naiita kutoka Python kwa ctypes, moduli yake ya kuita msimbo wa C, kwenye Linux. Funksheni yenyewe, chuja, inapokea safu ya namba na idadi yake, kisha inarudisha pointa (anwani ya memori) ya safu mpya. Nikiipa namba elfu kumi napata majibu sahihi kabisa. Nikivuka elfu thelathini na kitu, Python inakufa kwa "Segmentation fault" bila ujumbe mwingine wowote. Kwenye mashine ya mwenzangu inakufa hata kwa namba kumi. Mmoja kanishauri nizime kikusanya taka (kinachofuta vitu visivyotumika tena), mwingine niweke time.sleep kabla ya kusoma majibu, wa tatu niachane na ctypes nitumie zana inayosoma hedari (faili la C linaloeleza funksheni na aina zake) na kuzalisha kila kitu yenyewe, ili Python iielewe C moja kwa moja. Nishike lipi?

JIBU

Marahaba. Usishike hata moja, walau si leo.

Hukunitumia msimbo wako, lakini naweza kukutajia mstari ambao haumo: hukuiambia ctypes kwamba chuja inarudisha pointa. Usipoiambia, haikuulizi. Inachukulia kwamba kila funksheni ya C inarudisha int, yaani baiti 4, na pointa kwenye mashine yako ya biti 64 ni baiti 8. Maktaba inakupa anwani kama 0x7f3a1c2d5010, ctypes inabaki na 0x1c2d5010, wewe unaipeleka kwenye cast igeuzwe kuwa pointa, na cast inapokea bila kinyongo kwa sababu kwake namba ni namba. Unaposoma kipengele cha kwanza unabisha hodi mahali pasipo na nyumba, na mfumo wa uendeshaji unaua programu papo hapo.

Mbona basi namba elfu kumi zinapita? Hapa ndipo penye utamu. Malloc ya glibc (funksheni ya kutenga memori kwenye maktaba kuu ya C ya Linux), unapoiomba memori kidogo, huikata kutoka kwenye lundo la kawaida la programu. Kama Python yako ilijengwa kwa mtindo wa zamani, bila PIE (mtindo unaoruhusu programu kupakiwa kwenye anwani yoyote), lundo hilo hukaa chini kabisa, kwenye anwani kama 0x1c3a2b0. Anwani hiyo inaenea ndani ya baiti 4. Ctypes inaikata vilevile, ila inachokata ni sifuri tupu, kwa hiyo huoni tofauti. Ombi likifika KB 128, yaani baiti 131,072, malloc huacha lundo na kwenda kuuomba mfumo wa uendeshaji ukurasa mpya kwa mmap, na mmap hutoa anwani za juu zinazoanza na 0x7f. Float moja ni baiti 4. Gawanya: 32,768. Hiyo ndiyo "elfu thelathini na kitu" yako. Na ndiyo maana nathubutu kusema safu yako ni ya float. Ingekuwa double ungeanza kuanguka kwenye elfu kumi na sita hivi.

Mwenzako naye ana Python iliyojengwa na PIE, ambayo lundo lake hukaa juu tangu mwanzo. Kwake hakuna anwani inayoenea, ndogo wala kubwa. Mashine yake ndiyo inayosema kweli, yako ilikuwa inakubembeleza.

Sasa niseme linaloniudhi, maana barua ya namna hii huipata kila mara, ikibadilika jina la maktaba tu. Watu wanaamini kwamba maktaba ikishapakiwa bila kosa na funksheni ikaitika, basi Python "imeielewa" C. Haijaelewa chochote. Fungua terminali uandike nm -D libchuja.so, amri ya kuorodhesha majina yaliyomo kwenye maktaba. Utaona mstari kama huu:

0000000000001139 T chuja

Anwani, herufi moja, jina. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba inapokea vitu viwili au saba, wala kwamba inarudisha float* badala ya int. Habari hizo zilikuwa kwenye hedari. Kampaila ilizitumia, ikamaliza kazi yake, ikazitupa. Kilichobaki ni mapatano ya rejista, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa. Kwenye Linux ya x86-64, namba kamili na pointa sita za kwanza hupita kwenye rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9. Namba za desimali hupita kwenye xmm0 hadi xmm7. Jibu lililo namba kamili au pointa hurudi kwenye rax, na jibu la double hurudi kwenye xmm0. Anayeita asipojua aina, anasoma rejista isiyo yake, na hakuna wa kumwambia.

Jaribu mwenyewe. Pakia libm, maktaba ya hesabu ya C, ita sqrt ukiipa c_double(2.0), usiweke restype (aina ya jibu). Hutaanguka, utapewa namba kamili ya ajabu. Jibu sahihi lipo, limekaa kwenye xmm0 linakungoja, wewe unapekua rax. Hela iko mfuko wa kulia, mkono uko kushoto.

Ndiyo maana ushauri wa kuzima kikusanya taka unanikera. Kikusanya taka cha Python hakijui hata kwamba safu ya chuja ipo. Ilitengwa na malloc, nje ya himaya yake. Time.sleep ndiyo kichekesho zaidi: anwani iliyokatwa haioti tena mkia kwa kusubiri. Kuna na wa nne, ambaye hukumtaja lakini najua yuko njiani, atakayekuambia uzungushe kila kitu kwa try na except. Segmentation fault ni ishara kutoka kwa mfumo wa uendeshaji, mchakato unakufa kabla Python haijapata nafasi ya kutamka neno. Faulthandler, moduli ya Python, itakuonyesha ni mstari gani wa Python ulikuwa ukiendeshwa, na hiyo ina faida yake, lakini haizuii kifo.

Dawa yako ni hii, uiweke mara tu baada ya kupakia maktaba, kabla ya kuita chochote:

lib.chuja.argtypes = [POINTER(c_float), c_size_t]
lib.chuja.restype = POINTER(c_float)

Hivyo tu: argtypes ni aina za vinavyoingia, restype ni ya jibu. Kisha angalia kama mwenzenu aliacha funksheni ya kuachilia ile safu. Tuseme inaitwa achilia:

lib.achilia.argtypes = [POINTER(c_float)]
lib.achilia.restype = None

Usiruke argtypes ya achilia. Python ikipeleka namba tupu bila argtypes, nayo huichukulia kuwa int ya C, kwa hiyo anwani itakatwa mara ya pili wakati wa kurudisha. Nakili majibu kwanza kwa orodha = p[:n], halafu achilia p, halafu usiiguse tena. Kama funksheni ya kuachilia haipo, ongeza moja ndani ya maktaba yenyewe. Usiite free ya maktaba nyingine eti ni ileile. Kwenye Windows, maktaba mbili zinaweza kuwa na malundo mawili tofauti, na kuachilia kwa mmoja kilichotengwa na mwingine ni kuharibu memori kimyakimya.

Kuhusu zana ya kuzalisha. Sina ugomvi nazo. SWIG ilianza kuandikwa mwaka 1995 na imebeba kazi nyingi nzito. Cffi, ukiitumia kwa mtindo unaopitia kampaila ya C, ingekukamata kwenye kosa hili hili mchana kweupe, na nikiwa naanza mradi mpya ndiyo ningeichukua. Kwa hiyo aliyekushauri hakukosea zana, alikosea ahadi. Hedari yako bila shaka inasema kitu kama hiki:

float *chuja(const float *data, size_t n);

Isome tena polepole. Safu inayorudi ni mpya, au ni bafa moja ya ndani ambayo wito unaofuata utaifuta? Nani anaiachilia? Memori ikikosekana inarudi NULL, au maktaba inazima programu nzima? Inabaki na pointa ya data baada ya kurudi? Thredi mbili zikiiita pamoja? Swali hili la mwisho si la nadharia, maana ctypes kwa CDLL huachia kufuli kuu la Python wakati wote C inapofanya kazi. Hakuna hata moja lililoandikwa kwenye mstari ule, na zana haiwezi kusoma kisichoandikwa. Itakisia, nawe utapata mistari elfu moja ya msimbo ambao hakuna mtu ofisini kwenu aliyewahi kuusoma.

Na usidhani ni ugonjwa wa Python. Java imekuwa na JNI, daraja lake la kuita C, tangu JDK 1.1 mwaka 1997. Njia mpya ilikamilishwa kwenye JDK 22 mwaka 2024, na bado ni wewe unayeeleza aina za funksheni, au zana inayozieleza kwa niaba yako. Rust inakulazimisha uandike unsafe, ambalo angalau ni neno la kweli. Go ina kanuni kali kuhusu pointa zake kubaki mikononi mwa C baada ya wito kuisha. C++ ndiyo balaa zaidi: majina ya funksheni yanasokotwa na kampaila, kila ukoo wa kampaila kwa mtindo wake, na usipoweka extern "C" hutaliona hata jina. Lugha zote hizi zinakutana kwenye daraja moja, nalo ni C, na kwenye daraja hilo hakuna askari wa kukagua mizigo.

Wewe umeanguka, kwa hiyo umejua. Ninaowahofia ni wasioanguka. Mtu ana muundo wa C wenye char kisha double. Kampaila huacha baiti 7 tupu katikati ili double ikae kwenye zidisho la 8, muundo mzima unakuwa baiti 16. Yeye amenakili mahali _pack_ = 1 bila kujua kwamba kazi yake ni kuondoa nafasi hizo tupu, Python inasoma baiti 9, na kila double inaundwa kwa vipande vya jirani. Hakuna kosa linalotokea. Grafu inachorwa, ripoti inatoka. Mwingine ameandika c_int64 mahali pa long, kwenye Linux iko sawa, akaihamishia Windows ambako long ni baiti 4.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako programu ya Python ya kupokea vipimo ilikuwa ikifa mara moja au mbili kwa siku. Dawa waliyokuwa nayo ilikuwa skripti ya kuiwasha upya. Walishalaumu nyaya, walishabadilisha mashine, na kulikuwa na mtu aliyelipwa kushusha toleo la Python. Kosa lilikuwa mstari mmoja:

lib.sajili(AINA(nikipata_kipimo))

AINA ilikuwa CFUNCTYPE, na sajili inaikabidhi C funksheni ya Python ili iiite kila kipimo kikifika. Tatizo ni kwamba kitu kilichotengenezwa ndani ya mabano hakikupewa jina. Sajili ilipomaliza tu, hakuna aliyekishika, Python ikakifuta, C ikabaki na anwani ya marehemu. Kwa nini ilichukua saa nyingi kufa? Kwa sababu memori iliyoachiliwa hubaki na sura yake mpaka mwingine aihamie. Tuliandika kipokezi = AINA(nikipata_kipimo) juu ya faili, tukamkabidhi sajili kipokezi, na ile skripti ya kuwasha upya ikafutwa wiki iliyofuata. Yule wa kushusha toleo alikuwa ameshalipwa.

Jambo dogo kabla sijasahau, maana maktaba yako ikirudisha maandishi utakwama hapo. Ukiweka restype = c_char_p, ctypes inageuza jibu kuwa bytes na kuitupa pointa. Kama maandishi hayo yalipaswa kuachiliwa, huna tena cha kuachilia, na memori inavuja kila wito. Weka c_void_p, soma kwa string_at, kisha achilia.

Ukishaweka mistari yako, ijaribu kwenye mashine ya mwenzako, si yako. Jenga maktaba upya kwa -g -fsanitize=address (kikagua makosa ya memori, kifupi ASan), uiendeshe Python ukiwa umetanguliza libasan kwa LD_PRELOAD, uipe namba laki moja. ASan italalamika kuhusu uvujaji wa Python yenyewe, hayo yazime kwa ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0. Likibaki lalamiko linalotaja chuja, nitumie hedari nzima na faili la C. Picha ya skrini usinitumie.