Usitume hiyo hela: PS4 ya "gemu 40 ndani" ilinila laki sita na ishirini

Mdogo wangu, kama hujatuma hiyo advansi, usitume. Weka simu kifudifudi kwanza, ndipo usome.

Umeuliza mambo matatu: kama uchukue mashine ya gemu, PS4 Slim ya laki sita, kwa jamaa wa Dar yenye "gemu 35 ndani", TV gani itaifaa, na wewe na wenzako watano wa Makorora, hapa Tanga, muanzeje kucheza ule mchezo wa kusimulia kisa kwa dadu, Dungeons & Dragons. Wachangiaji wa juu wote wamekimbilia kubishana ipi bora, PS4 Slim au PS4 Pro. Mimi kilichonifanya niache chai ipoe ni ile sentensi ya muuzaji uliyoinukuu: "Usiiunganishe na intaneti, mfumo utaungua." Wallahi ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi. Hata koma hajabadilisha.

Novemba 2022, Kombe la Dunia la Qatar linaanza. Nikajiona mtu mzima, nina mshahara, halafu bado napanga foleni kwenye banda la gemu Ngamiani nyuma ya watoto wa darasa la tano ambao wakinikalisha chini wananifunga saba bila. Nikasema basi, nanunua yangu. Nikampata muuzaji mtandaoni, picha safi, PS4 Slim, padi mbili, gemu 40 zimo, ile ya mpira, FIFA 23, imo, laki sita na ishirini. Nikamuuliza gemu zimeingiaje humo. Akajibu, "Ziko kwenye akaunti kaka, zako maisha." Zako maisha! Nikatuma hela yote, hata kupunguziwa elfu kumi ya kifurushi sikuomba. Boksi likashuka stendi ya Kange kwa basi la usiku, limezungushiwa soloteipu kama mguu uliovunjika.

Wiki tatu nilikuwa mfalme wa mtaa. Watu wasionisalimia walianza kuniita kaka.

Tarehe 18 Desemba, fainali. Tumejazana sebuleni kwa mama, mkeka, sinia la viazi karai, chatne ya ukwaju. Mechi ikaisha 3-3, Argentina wakachukua kwa penalti 4-2, na nyumba ikagawanyika. Binamu yangu, shabiki wa Ufaransa, akasema mechi irudiwe hapa hapa, aonyeshe ilivyotakiwa kuchezwa. Mwingine akasema subirini, vikosi ni vya zamani, tusasishe kwanza, akawasha hotspoti ya simu yake. Mimi nilikuwa najifuta mafuta ya viazi, sikuwahi kusema neno. Kwenye skrini, pembeni mwa picha ya FIFA, kakatokea kakufuli kadogo. Nikasogeza kijiti cha padi kulia: gemu ya pili, kufuli. Ya tatu, kufuli. Nilikwenda nayo hivyo mpaka ya arobaini nikitafuta moja tu iliyosalimika. Mama akapita na sinia tupu, akatutazama, akauliza, "Mbona mmenyamaza, Mbappé kafa?"

Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Gemu zangu zilikuja Novemba zikaondoka Desemba, kwa hiyo mimi nilipendelewa.

Sasa sikiliza jinsi mchezo wenyewe unavyochezwa, maana mimi nilielezwa nimeshaliwa. Gemu iliyonunuliwa mtandaoni haikai kwenye mashine kama nguo kabatini. Ulichonacho kwenye diski ya ndani ya mashine ni faili tu. Ruhusa ya kuicheza iko kwenye akaunti ya aliyeinunua. Kila akaunti inaruhusiwa kuteua PS4 moja kuwa mashine kuu. Kwenye mashine hiyo, mtu yeyote anacheza gemu za akaunti ile kwa jina lake mwenyewe, hata bila intaneti. Ndiyo maana muuzaji anakuwashia mbele yako, kila kitu kinafunguka, nawe unaona umepata. Ila mwenye akaunti anaweza kuingia kwenye tovuti, akiwa kitandani kwake, akazifuta mashine zote alizoziteua. Nafasi hiyo anapewa mara moja kila miezi sita. Akimaliza anateua mashine ya mteja mwingine. PS4 yako isipoonja intaneti haina habari, inaendelea kukufungulia. Siku ikionja tu, inaulizia ruhusa, inajibiwa hakuna, kufuli zinashuka. Kwa hiyo ule "mfumo utaungua" ni yeye anajinunulia muda wa kupotea.

Nilimpigia usiku ule ule. Simu ya kwanza aliniambia ni mtandao, nisubiri kesho. Kesho yake akasema nimeiharibu mwenyewe kwa kuiunganisha, "si nilikwambia?" Keshokutwa namba haipatikani. Nina skrinshoti zote mpaka leo, nazisoma nikitaka kupandisha presha. Na wale waliomwandikia "muaminifu sana huyu kaka" chini ya tangazo lake, Mungu anawaona. Mmoja nilimtafuta inboksi. Alikuwa hajanunua kitu, aliahidiwa padi.

Unadhani nilikoma hapo? Nikapeleka kwa fundi aniwekee "chipu", yaani aivunje mfumo icheze gemu bila ruhusa. Fundi wa kwanza, mtu wa haki, aliiwasha, akaangalia toleo la mfumo, akanirudishia. Akasema kwa wakati ule zilizokuwa zinaingilika ni za toleo 9.00 kushuka chini, yangu ilikuwa juu ya hapo, na PS4 ikishapanda toleo huirudishi nyuma. Jibu lile sikulipenda, nikatafuta fundi wa kuniambia ninachotaka kusikia. Huyo alichukua elfu sitini, akakaa nayo siku tisa, akanirudishia mashine ile ile yenye kufuli zile zile, imepungua skrubu mbili.

Basi, nikanyenyekea, nikanunua sidii ya FIFA 19 iliyotumika. Nikaitia. Mashine ikaimeza, ikakoroma kama mzee mwenye pumu, ikaitema. Nikaitia tena, ikaitema tena. Kisomeo cha sidii kilikuwa kimekufa tangu Dar! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu anahangaika kuuza PS4 imejaa gemu za akaunti na hakupi hata sidii moja ya kuanzia: ukiwa na gemu 40 ndani, utaijaribu sidii ya nini? Na kukibadilisha si kazi ya kubandika tu cha mashine nyingine, maana ubao wa umeme wa kisomeo umefungamana na mashine yake, ukiweka mgeni haukubaliwi.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni moja, na nikikutana nawe Barabara ya 12 nitakushika shati nikurudie: tia sidii yako, icheze dakika ishirini, ndipo utoe hela. Mashine bila sidii kusoma, hapana. Gemu za akaunti ya mtu, hapana, hata akiwa shemeji yako. Sidii haina paswedi. Ya PS4 haijali imetoka Dubai au Uingereza, inasoma tu. Ukiichoka unabadilishana na mwenzako, ukikwama unaiuza, na hakuna mtu wa kuizima akiwa kitandani. PS4 zote, ya kwanza, Slim na Pro, zina sehemu ya sidii, hivyo muuzaji hana kisingizio. Akaunti fungua, ila yako, kwa barua pepe yako, ya kucheza laivu na jamaa.

Kuhusu Dungeons & Dragons, hapo hata siwaonei huruma, mko salama. Mchezo ule umetoka mwaka 1974, watu wanaucheza kwa karatasi na penseli hadi leo na hakuna aliyeamka akakuta penseli ina kufuli. Kanuni za msingi ziko bure mtandaoni, ni halali kabisa. Mkikosa dadu ya pande ishirini, andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tieni ndani ya kofia, kila anayechomoa arudishe. Sisi tulianza hivyo. Kisa chetu tulikiweka mapango ya Amboni, popo na mizimu kibao, na mpiganaji wetu hodari akafa dakika ya kumi kwa sababu alichomoa 1, namba mbaya kuliko zote, akijaribu kuvuka kidimbwi. Kidimbwi! Aligoma kuongea na sisi mpaka Ijumaa. Mnahitaji mtu mmoja mwenye mdomo wa kusimulia, na Makorora sijawahi kusikia wamepungukiwa midomo.

Lakini turudi kwenye hela yako. Umesema una mjomba Temeke. Mtumie yeye aende kwa huyo muuzaji, si wewe ukae Tanga unasubiri boksi. FIFA 19 yangu ipo, ina mkwaruzo mmoja lakini inasoma, nilishaijaribu kwa jirani. Naipeleka Kange kesho, iondoke na basi la asubuhi, mjomba aipokee. Aitie kwenye mashine, acheze nusu mbili nzima, kisha awashe hotspoti mbele ya huyo bwana na amtazame usoni, si kwenye skrini.

Nipe jibu moja tu, mengine baadaye: ile advansi, ulishatuma?