Kwa Nini Chuo Hakichoti Fedha za Uwanja Kuokoa Timu ya Riadha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kaptagat, anayesoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, aliniandikia kwamba nafasi za timu yake ya riadha zimepunguzwa na hajui kama jina lake litabaki. Swali lake lilikuwa fupi na lilijaa hasira: "Kaka, chuo hiki kinajenga uwanja mpya wa mpira wa Kimarekani kwa mamilioni ya dola. Itakuwaje kikose pesa za kuwalipia wakimbiaji wachache? Si wangechota tu huko?" Nilimjibu kwa ufupi siku hiyo hiyo, lakini swali hilo nimeishi nalo tangu nikiwa mwanafunzi, na wazazi wanaouza ng'ombe ili mtoto apate nauli ya ndege wanastahili jibu refu kuliko lile nililompa.

Mimi nilitoka Nandi kwa ufadhili wa riadha, kama walivyotoka wengi kabla yangu. Tulikua tukisimuliwa habari za Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State University, na za Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyesoma El Paso katika jimbo la Texas na kutwaa medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Wadogo zetu walimwona Sally Kipyego akipitia Texas Tech hadi medali ya fedha ya mita 10,000 jijini London mwaka 2012. Kwa hiyo tuliamini kwamba ukiwa na mbio, chuo kitakulipia, na katika hilo tulikuwa sahihi. Jambo ambalo hakuna kocha wala wakala aliyetueleza ni kwamba fedha hizo zina mwenyewe, zina masharti, na zina mwisho.

Nitaruka habari za baridi na za chakula, maana zimeandikwa vya kutosha. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wangu wa tatu tuliitwa ukumbini, wanaume peke yetu, tukaambiwa kwamba timu yetu ingevunjwa msimu ukiisha. Mkurugenzi wa michezo alizungumza kwa muda mfupi, akataja uhaba wa fedha, kisha tukagawiwa karatasi moja yenye jumla ya gharama za timu. Wakati huo huo, upande wa pili wa barabara, mafundi walikuwa wakisimamisha ubao mpya wa matokeo katika uwanja wa mpira wa Kimarekani, mkubwa kama ukuta wa ghorofa. Ilikuwa vigumu kuutazama ubao ule bila uchungu, na sitajifanya kwamba uchungu huo umekwisha.

Hata hivyo nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu, tena si mwanafunzi wa mkiani. Kwa kuwa kilikuwa chuo cha umma, nilitumia sheria ya jimbo ya kupata nyaraka za serikali nikaomba taarifa ya fedha ambayo idara ya michezo huiwasilisha kila mwaka kwa NCAA, shirikisho linalosimamia michezo ya vyuo. Taarifa hiyo ilinifundisha mengi kuliko kozi nzima. Wengi wetu tunadhani kila chuo kinaogelea katika fedha za televisheni, kwa sababu tunasikia habari za miungano mikubwa ya vyuo kama Big Ten, ambayo mwaka 2022 ilitangaza mikataba ya matangazo ya miaka 7 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Chuo changu hakikuwa huko. Katika vyuo vya kati na vidogo vya Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu ya michezo ya NCAA, sehemu kubwa ya bajeti ya michezo hutoka katika mifuko miwili: ada ya michezo ambayo kila mwanafunzi hutozwa ndani ya karo yake, awe anaingia uwanjani au haingii, na ruzuku kutoka katika mfuko mkuu wa chuo. Viingilio, televisheni na wafadhili hujazia tu.

Sasa tuje kwenye ubao ule. Ulilipiwa na mfadhili mmoja, mhitimu wa zamani, ambaye barua yake ya mchango ilitaja ubao wenyewe. Mchango wa namna hiyo hauwezi kuhamishwa na mkurugenzi kwa sababu tu wakimbiaji wanalia. Karibu majimbo yote ya Marekani yamepitisha sheria ya mfano iliyotungwa mwaka 2006 kuhusu fedha za taasisi za hisani, ambayo inasema kwamba sharti la mfadhili hulegezwa kwa ridhaa yake au kwa idhini ya mahakama, isipokuwa katika mifuko midogo na ya zamani. Sisi hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Kule kwetu harambee ya matibabu haigeuzwi kuwa mtaji wa duka, na mhazini atakayejaribu atafuatwa nyumbani kwake.

Majengo nayo yana minyororo yake. Uwanja mara nyingi hujengwa kwa mkopo wa hatifungani, na mapato ya uwanja huo yakawekwa rehani kwa waliokopesha, kwa hiyo fedha inayoonekana kuingia kwa wingi siku ya mechi imekwisha kuahidiwa mtu mwingine kwa miaka mingi. Mishahara ya makocha wakuu ni mikataba, na kuvunja mkataba ni gharama juu ya gharama: Texas A&M ilipomwachisha kazi kocha wake wa mpira wa Kimarekani, Jimbo Fisher, mwezi Novemba 2023, ilibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwake. Mtu anaweza kuuita wazimu, nami nauita hivyo, lakini ukishatiwa saini wazimu huo unakuwa deni halali.

Lililonishangaza kuliko yote lilikuwa mstari wa gharama za timu yetu wenyewe. Kiasi kikubwa kabisa katika ile karatasi tuliyogawiwa kilikuwa karo. Idara ya michezo inamlipa nani karo hiyo? Inakilipa chuo chenyewe. Fedha hutoka mfuko mmoja na kuingia mfuko wa pili wa koti lile lile, tena kwa kiwango cha juu wanachotozwa wageni wasio wakazi wa jimbo. Mwanafunzi akiondoka, kiti chake darasani kinabaki, mwalimu analipwa vile vile, na hakuna noti inayookolewa, labda kama kiti hicho kitakaliwa na mwingine anayelipa. Zaidi ya hayo, wakati ule NCAA iliruhusu ufadhili kamili usiozidi 12.6 kwa riadha yote ya wanaume, na kocha aliugawa vipande vipande kwa wakimbiaji, warukaji na warushaji. Wenzangu wengi walipewa robo tu, wakajilipia zilizobaki. Timu ilipovunjwa, wao na karo zao walihamia kwingine. Niliyaeleza haya yote katika barua niliyoiandikia bodi ya chuo nikiwa na wenzangu, yenye hesabu zisizo na kosa hata moja, na tukajibiwa kwa sentensi mbili za shukrani.

Baadhi ya wenzangu waliwalaumu wasichana kwa sababu timu yao ilibaki. Huo ni uonevu. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX inakitaka chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kiwatendee haki wanawake katika nafasi za michezo, ufadhili na huduma, na riadha ya wanawake huhesabiwa kuwa michezo mitatu, yaani mbio za nyika, riadha ya ndani na riadha ya nje, kwa hiyo kuibakiza kunakisaidia chuo kufikisha hesabu hiyo. Timu ya mpira wa Kimarekani pekee iliruhusiwa kutoa ufadhili 85, wote kwa wanaume. Chuo kisichotaka kuigusa timu hiyo, na kisichotaka kuongeza nafasi za wanawake, hupunguza wanaume wengine, na sisi ndio tuliokuwa karibu na kisu. Sheria haikuamuru tuondolewe. Viongozi ndio waliochagua, na wangeweza kuchagua vingine.

Kuna kizuizi kimoja kinachowalinda wanariadha, nacho ni kwamba chuo cha ngazi ya juu kabisa ya mpira wa Kimarekani lazima kiwe na michezo isiyopungua 16. Kijana anayefikiria kusaini anapaswa kuhesabu. Chuo chenye michezo 22 kina nafasi ya kukata, na chenye 16 hakiwezi kuiondoa riadha bila kutafuta michezo mingine ya kuziba pengo.

Mwaka 2020 janga la korona lilileta wimbi la timu kuvunjwa. Stanford ilitangaza kuondoa michezo 11, na Brown na Clemson zikatangaza kuondoa riadha ya wanaume. Maamuzi hayo yote yalibatilishwa, Brown katika muda wa wiki chache na hao wengine mwaka uliofuata. Ukiyachunguza, hakuna aliyefanikiwa kwa kusema fedha za mpira zihamishwe. Walifanikiwa kwa mashtaka au vitisho vya mashtaka, kwa kelele za wahitimu, na kwa ahadi za fedha mpya zenye jina la timu. Hapo ndipo ninapowahubiria Wakenya wenzangu waliofanikiwa huku: tuache kuchangia hafla za jioni na fulana za kumbukumbu, tuweke wakfu, yaani mtaji usioguswa ambao faida yake tu ndiyo hutumika. Mfuko wa wakfu kwa kawaida hutoa asilimia 4 au 5 kwa mwaka, kwa hiyo dola milioni moja humsomesha pengine mwanafunzi mmoja, lakini sharti lile lile lililotufungia mlango wa ubao wa matokeo litamlinda yeye.

Mambo yamekuwa magumu zaidi tangu Jaji Claudia Wilken alipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanariadha waliishtaki NCAA kuhusu malipo yao, tarehe 6 Juni 2025. Vyuo vilivyojiunga na mpango huo vinaruhusiwa kuwalipa wanariadha moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, na kikomo cha ufadhili kimegeuzwa kuwa kikomo cha idadi ya wachezaji: 45 katika riadha na 17 katika mbio za nyika. Fedha hizo za malipo zinatafutwa kila pembe ya bajeti, na nyingi zinakwenda kwenye mpira wa Kimarekani na wa kikapu. Mkenya mwenye viza ya mwanafunzi, ambaye ajira yake imebanwa kwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, hawezi kuzipokea kirahisi hata zikimfikia.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, uliza fedha zako zinatoka mfuko gani: wakfu, au bajeti ya mwaka inayopitishwa upya kila msimu. Uliza kwa maandishi kama ufadhili utaendelea hadi uhitimu iwapo timu itavunjwa. Mimi niliahidiwa hivyo kwa maandishi, nikabaki, nikahitimu bila kukimbia, na leo ninafanya kazi katika ofisi ya fedha ya chuo kingine. Tazama takwimu za usawa katika michezo ambazo Wizara ya Elimu ya Marekani huziweka wazi kwenye intaneti kwa kila chuo. Uliza pia nani atalipa kodi ya asilimia 14 inayokatwa kwenye sehemu ya ufadhili inayogharimia malazi na chakula, kwa maana Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuondolea.

Na wewe wa Kaptagat, kama nafasi yako itaondolewa, usikimbilie kuhama kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kocha mpya anaweza kukukubali leo, lakini rekodi yako ya uhamiaji ndiyo inayopaswa kuhamishwa rasmi kutoka chuo hadi chuo, na tarehe ya kuiachilia huwekwa na ofisi hiyo.