Jedwali la puella tumelikariri, sentensi hatuielewi

SWALI: Mwalimu, hujambo? Sisi ni watu sita, tunajifunza Kilatini kila Jumatano saa tatu usiku kwa simu, kila mtu akishatoka kazini. Hatuna mwalimu, aliyetangulia kusoma sura ndiye anayewafundisha wengine. Jedwali la maumbo ya neno puella, msichana, tumelikariri sote, lakini tukipata sentensi, hata fupi, tunabishana nani ametenda na nani ametendewa. Isitoshe, mwenzetu mmoja ana kitabu ambacho puellam iko mstari wa tatu, na kwetu iko wa nne. Nani amekosea? Na je, tuendelee kukariri au tuache? (Msomaji, Kasarani, Nairobi)

JIBU: Sijambo. Nianze na jedwali maana hilo ni dogo. Hakuna aliyekosea. Wanasarufi wa Kirumi, kama Donatus wa karne ya 4, walipopanga maumbo ya nomino (kazi zake nitazieleza hapo chini) walitaja nominativu kwanza, kisha genitivu, dativu, ndipo akusativu, yaani puellam yenu. Vitabu vingi vya Marekani vingali vinafuata njia hiyo. Vya Uingereza hufuata mpangilio ulioenezwa na mwalimu Benjamin Hall Kennedy katika karne ya 19, ambao akusativu hupandishwa juu. Maneno ni yaleyale. Chagueni mpangilio mmoja, na mwenye kitabu tofauti alichore jedwali lake upya daftarini.

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Naujua kwa sababu niliuugua. Nilipoanza Kilatini seminarini tuliimba jedwali la rosa, waridi: rosa, rosae, rosae, rosam, kama kwaya, mwalimu akipiga meza kwa rula. Mwisho wa muhula nilikuwa naweza kuliimba jedwali zima kwa pumzi moja, lakini nikipewa mstari wa maneno matano nilikuwa nakisia tu. Sikujua kwamba lile jedwali lilikuwa jibu la swali ambalo nilishaulizwa katika somo la Kiswahili.

Kumbuka kidato cha nne: "Mama amempikia mtoto uji kwa sufuria." Ukaambiwa uchanganue. Mama ni kiima. Uji ni shamirisho kipozi, kinachotendwa. Mtoto ni shamirisho kitondo, anayetendewa. Sufuria ni shamirisho ala. Ulipata alama zako, ukasahau. Basi kiima kwa Kilatini ndiyo nominativu, kipozi ni akusativu, kitondo ni dativu, na ala ni ablativu. Ile -a unganifu ya "kitabu cha mtoto" ndiyo genitivu. Tofauti ni kwamba Kiswahili huonyesha kazi hizo kwa mpangilio wa maneno, kwa viambishi vya kitenzi na kwa vijineno kama "kwa", ilhali Mrumi aliibandika kazi ya nomino mwishoni mwa nomino yenyewe.

Shika mfano ambao wengi wenu mnaujua kwa moyo. Katika Baba Yetu, Kilatini husema: panem nostrum quotidianum da nobis hodie. Sisi tunasema: utupe leo mkate wetu wa kila siku. Panem, mkate, ina -m ya akusativu: kipozi. Nobis ni dativu, wanaopewa. Nobis hiyo iko wapi kwenye Kiswahili chetu? Ni ile -tu- ya "utupe".

Halafu shuka hadi mwisho wa sala: libera nos a malo, utuopoe maovuni. Hapa pana -tu- tena, lakini Kilatini hakisemi nobis, kinasema nos. Kwa nini? Kwa sababu kwenye "utupe" sisi ni kitondo, kinachotolewa ni mkate. Kwenye "utuopoe" sisi wenyewe ndio tunaoopolewa, yaani kipozi. Kiswahili hutumia -tu- ileile kwa kazi zote mbili na hakuna anayelalamika. Kilatini hukataa. Nimesahihisha daftari nyingi, na kosa hili nimeliona kwa Waswahili kuliko kosa lingine lolote: mtu anaandika akusativu mahali pa dativu kwa sababu sikio lake linasikia "anampa" na "anamwona" kama kitu kimoja. Dawa yake ni kujiuliza: kuna kitu kingine kinachotolewa, kinachosemwa au kinachoonyeshwa hapa? Kama kipo, huyo -m- huenda ni kitondo.

(Na hiyo malo ya "maovuni" ni ablativu. Angalia -ni yetu inavyobeba maana ya "kutoka" bila neno la ziada. Kilatini kimeweka a mbele.)

Sasa mabishano yenu ya Jumatano. Nadhani mnaanza kusoma kutoka kushoto, na neno la kwanza mnalipa ukiima. Acheni. Anzeni na kitenzi. Chukua hii: Agricola puellae rosam dat. Kitenzi ni dat. Ile -t inasema mtendaji ni mmoja, "yeye". Wangekuwa wengi kingekuwa dant. Sasa tafuta kiima cha umoja. Puellae ikiwa kiima ni "wasichana", wengi, na dat imeshawakataa. Rosam ina -m, kwa hiyo ni kipozi. Anabaki agricola, mkulima. Mkulima anatoa waridi. Kutoa kunadai mpokeaji, na puellae inaweza kuwa dativu ya umoja: mkulima anampa msichana waridi. Hakuna aliyekisia chochote.

Mtasema puellae inachanganya kwa kuwa na maana tatu: ya msichana, kwa msichana, wasichana. Ni kweli, lakini na "nyumba" je? Nyumba imeanguka, nyumba zimeanguka. Hujawahi kupotea hapo, kwa sababu kitenzi kinakueleza ni moja au ni nyingi. Fanyeni vivyo hivyo.

Kuna jambo moja hamkuuliza lakini litawafikia karibuni, kama halijawafikia. Agricola ina -a kama puella, ila mkulima mwema ni agricola bonus, kwa umbo la kiume, si agricola bona, la kike. Watu hukasirika hapa. Mimi huwauliza: mnasema "kipofu kimefika" au "kipofu amefika"? Umbo ni la KI-VI, upatanisho ni wa mtu. Agricola, nauta (baharia) na poeta (mshairi) ndio vipofu na viwete wa Kilatini: wamevaa nguo za ngeli moja, wanapatanishwa kwa nyingine. Mswahili hana sababu ya kulia juu ya hili.

Kuhusu kukariri: karirini, lakini kidogo, na baada ya sentensi. Someni sentensi tano kwa usiku mmoja, zisizidi. Mmoja asome kwa sauti, wa pili ataje kitenzi na mwisho wake, wa tatu atafute kiima, wa nne kipozi, na wa tano kile kilichobaki. Wa sita anyamaze, kisha aseme maana yote kwa Kiswahili cha kawaida, si kile cha "msichana yeye waridi". Jumatano ijayo mzunguke. Aliyesoma sura mbele asiwe anafundisha kila wiki, maana anayefundisha peke yake ndiye anayejifunza peke yake. Kikundi kimoja nilichokuwamo kilivunjika hivyohivyo: wawili walifika sura ya kumi na wengine tukabaki kuitikia "ndiyo, ndiyo" huku simu zimezimwa sauti.

Matamshi yasiwagombanishe. Caelis, mbinguni, kanisani ni "chelis", kwa Warumi wa zamani ilikuwa "kailis". Chagueni moja mwendelee. Irabu zetu tano zinatosha, mradi mkumbuke kuwa ndefu na fupi hutofautiana: puella fupi ni kiima, yenye a ndefu mwishoni ni ablativu. Kama kitabu chenu kina vistari juu ya irabu, viandikeni.

Zoezi la Jumatano hii liko hapahapa Nairobi. Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni Unitate et labore. Hakuna kitenzi, hakuna kiima, ni ablativu mbili tupu, na ile "kwa" ya "kwa umoja na kazi" imo ndani ya -e zile mbili. Kisha mvuke hadi Madaraka, kwa kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Strathmore: Ut omnes unum sint, ili wote wawe kitu kimoja. Sint ni "wawe", yaani -e yetu ya "aende, wasome, wawe". Hilo nimewapa bure. Nawaachia hili: omnes ni wengi, mbona unum haikufuata wingi? Fikirieni ngeli ya neno "kitu" kabla ya kufungua kitabu, na atakayepata kwanza wenzake wamnunulie bando la wiki.