Ifute oda ya hiyo bastola ya .500: bastola ya dubu ni ile inayokaa kifuani

Mleta mada, ifute hiyo oda leo. Umesema Septemba unaingia milima ya Montana kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, kwa upinde, umeshalipia kianzio cha bastola kubwa ya .500 Magnum, na unauliza kama inamtosha grizli, yule dubu mkubwa wa huko. Inamtosha? Inamtosha hata nyati wa Rukwa. Kazi ni kuitoa.

Mimi niliinunua hiyohiyo. Aliyeniuzia ni jamaa mmoja wa dukani mwenye ndevu za kinabii, aliposikia lafudhi yangu tu akaniambia grizli hafi kwa bastola za kitoto. Sikumuuliza yeye alikutana na dubu lini. Naamini dubu anayemfahamu ni yule aliyechorwa kwenye fulana yake. Ile ya mtutu mrefu ina karibu kilo mbili na inabeba risasi tano tu. Risasi moja inazidi dola mbili, kwa hiyo mazoezi unayakwepa, na ukiyafanya, teke lake linakuzoesha kufumba macho kabla hujavuta triga. Mimi nilikuwa napiga nimefumba, kisha nafumbua kuangalia kama wenzangu wote bado wamesimama.

Halafu uivae kiunoni huku umebeba begi la mlimani. Mkanda wa begi unakaa palepale. Kilima cha kwanza inakukera, cha pili unaisukuma nyuma ya nyonga, cha tatu imeshaingia ndani ya begi chini ya koti la mvua. Yangu ilikuwa humo siku yenyewe.

Ilikuwa jioni, milima ya Gallatin hukohuko Montana, mimi na rafiki yangu tunachuna elki. Begi nimeliegemeza kwenye mti hatua chache tu lisiingie damu. Nimeinama, mafuta mpaka kwenye viwiko, upepo unashusha harufu ya matumbo bondeni, yaani tulikuwa tunatuma kadi za mwaliko. Dubu hakunguruma kama wa kwenye sinema. Kijiti kilivunjika, nikainua kichwa, tayari yupo pale kwenye mti. Bastola yangu ilikuwa karibu naye kuliko nami! Tukarudi kinyumenyume, tunaongea kwa sauti ya upole, mimi kwa Kiswahili, namuombea heri yeye na ukoo wake wote. Bahati alichotaka ni nyama. Elki mzima akabaki naye, na begi akalirarua kutafuta vitafunwa. Bastola hakuigusa, ana akili kuliko mnunuzi.

Na sisi tulipona. Septemba 2018, nyika ya Teton kule Wyoming, mwongoza wawindaji aliuawa na grizli wakiwa wanachuna elki aliyepigwa siku iliyotangulia. Bastola walikuwa nayo. Ilikuwa pembeni, pamoja na mizigo.

Fanya hesabu mwenyewe: grizli anafikia kilomita 56 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mita 15 kwa sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 kutoka ulipo, huna hata sekunde mbili kamili. Katika hizo mbili ufungue zipu, usogeze koti, utoe kilo mbili, ulenge?

Kwa hiyo silaha ya dubu inakaa kifuani, juu ya nguo zote, na haivuliwi. Hata unapochuna. Hasa unapochuna! Hata ukienda haja. Kifuani mkanda wa begi haufiki, na ukiangushwa chali mkono bado unaipata. Usichoweza kukivaa hivyo kutwa nzima, mwachie yule wa ndevu. Bastola ya Glock 20 ya 10mm inabeba risasi 15 na ikijaa haifiki hata kilo moja na robo. Rivolva nyepesi ya .44 Magnum nayo sawa, ukiwa umelimudu teke lake. Chukua risasi ngumu zenye pua bapa, usichukue zile za kutanuka, maana unataka zipite mfupa na misuli ziende ndani. Kisha fanya mazoezi ya kuichomoa ukiwa na begi mgongoni na glovu mkononi, siyo umesimama kwenye uwanja wa shabaha kama unapigwa picha ya pasipoti.

Nunua na kopo la kumpulizia dubu pilipili, usinicheke. Watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio ya Alaska: kwa dubu wa kahawia, ambao grizli ni jamaa yao mmoja, pilipili ilifanya kazi asilimia 92 ya mara ilipotumika. Nalo likae mbele ya mwili. Likiwa mfuko wa pembeni wa begi ni kiungo cha chakula tu. Tena grizli huku Montana analindwa na sheria ya serikali kuu tangu 1975. Ukimuua kwa kujitetea lazima uripoti, na watakuja kuchunguza mlivyokutana. Pilipili haina mlolongo huo.

Piga simu dukani sasa hivi. Ukishasaini makaratasi ya kuichukua watakwambia silaha hairudishwi, na ukiipeleka kuuza utapewa bei ya kukuliza.