Kamera ya Tumboni na Dawa ya Kutuliza Hofu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Mwezi uliopita alipelekwa kupimwa tumbo kwa kamera, mpira ulipofika kooni akaushika na kuuchomoa, kipimo kikaahirishwa. Amepangiwa tena Moshi mjini, na ameambiwa ipo dawa ya kumeza ya kutuliza hofu. Jirani ametupa vidonge vya diazepamu ameze kabla hatujapanda daladala. Ni sawa?
Binti, Marangu

JIBU: Marahaba, binti. Vidonge vya jirani mrudishie. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, na mama akiongezewa dawa nyingine na wahudumu wasiojua alichomeza, pumzi inaweza kufifia. Dawa ya kutuliza imezwe hospitalini tu, penye oksijeni na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu.

Inayotumika zaidi kwa kumeza ni midazolamu. Si nusu kaputi: mama atasinzia kidogo lakini akiitwa ataitika. Dozi ya mtu mzima mwenye afya mara nyingi ni miligramu 7.5; kwa mzee au mtu dhaifu hupunguzwa. Huchukua nusu saa hadi saa moja kushika, maana sehemu kubwa huvunjwa na ini kabla ya kuenea mwilini, na maini ya watu hayafanani. Hapo ndipo makosa hutokea: mgonjwa anasema "bado sijasikia kitu", anaongezwa kidonge, kisha vyote viwili vinashika kwa pamoja. Subirini.

Mwambieni daktari kila dawa anayotumia, hata ile anayoona haya kuitaja. Ritonavir iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza VVU, erithromisini ya kuua bakteria, flukonazoli ya fangasi na hata juisi ya balungi huifanya midazolamu iwe kali na idumu. Rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha. Akikoroma sana na kukatika pumzi usingizini, au ana ugonjwa wa mapafu au ini, lisemeni mapema. Pombe ya mbege asiguse tangu jana yake.

Chakula kikome muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Chai ya maziwa ni chakula. Maji matupu anaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya kipimo. Meno ya bandia yatolewe, na fomu ya ridhaa aisaini kabla ya kumeza kidonge, akili ikiwa timamu.

Kidonge hutuliza moyo, koo hutulizwa na dawa ya kupuliza. Atalala ubavu wa kushoto, kidevu kikiinama kidogo kifuani. Apumue kwa pua, taratibu, na mate ayaache yachuruzike. Akijaribu kuyameza ndipo hupaliwa. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10 tu.

Koo likiwa na ganzi asile wala asinywe, chai ya moto ndiyo kabisa. Baada ya saa moja hivi ajaribu funda dogo la maji ya baridi. Yakishuka bila kukohoa, ale. Kurudi Marangu msimpakie bodaboda, mtu anayesinzia huanguka. Kwa saa 24 asipike kwenye moto peke yake wala asisaini jambo lolote la shamba au fedha.

Nawe uwepo daktari anapotoa majibu. Midazolamu hufuta kumbukumbu ya saa zile: mama ataitikia kila neno, na jioni huenda asikumbuke hata moja. Andika jina la dawa alizopewa na tarehe ya kurudi.