Bibi alikufa na miaka 93, si 105: nilichokiona jikoni kwake Kibosho

Mkuu, umeuliza wazee wetu walikuwa wanakula nini hadi wanafika miaka mia, na kama hizo mbegu za chia na unga wa lishe ulivyouziwa kwa 35,000 vinaweza kukufikisha huko. Mimi si daktari wala mtu wa lishe. Nitakusimulia niliyoyaona na yaliyonipata, wewe utachambua.

Nianze na aibu ya familia. Bibi mzaa baba alifariki 2019 huko Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Wasifu uliosomwa kanisani ulisema ameishi miaka 105, na fulana za msiba zikachapwa hivyohivyo. Watu waliguna kwa heshima. Wiki chache baadaye shangazi akafungua sanduku lake la bati, na ndani ya kitenge kikuukuu ikatoka kadi ya ubatizo: alibatizwa kichanga, mwaka 1926. Piga hesabu. Miaka 93. Hiyo 12 tulimuongezea sisi wenyewe, kila Krismasi mmoja wetu anatia kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kukanusha. Ukimuuliza amezaliwa lini anakujibu "wakati wa nzige", na nzige walikuja zaidi ya mara moja.

Usicheke sana, hata Wajapani wamekutwa na hilo. Mwaka 2010 serikali yao ilipopekua madaftari ilikuta watu zaidi ya 230,000 wa miaka 100 na kuendelea ambao hawajulikani walipo. Wengi walikuwa wameshakufa zamani. Kuna mtafiti anaitwa Saul Newman, amefuatilia hayo maeneo yanayosifiwa duniani kwa wazee wa miaka mia na akaonyesha kwamba mengi yana kumbukumbu mbovu za vizazi na vifo. Kwa hiyo ukisikia "babu yetu alifika 120", omba kadi ya ubatizo kwanza.

Lakini 93 nayo ni miaka, aisee. Na hadi 91 alikuwa anajipikia.

Jikoni kwake palikuwa na mafiga matatu, moshi wa kutoa machozi, na chungu kimoja cheusi kama lami. Asubuhi uji wa ulezi au chai ya maziwa. Sukari ilikuwepo, ila kwenye kopo lililofichwa darini, linashuka mgeni akija. Mchana ndizi. Jioni ndizi. Sasa mtu wa mjini akisikia Wachaga wanakula ndizi anawaza ile ndizi nyama ya hotelini inayoogelea kwenye mafuta. Kiburu cha bibi, yaani ndizi na maharage, hakikuwa na tone la mafuta. Anamenya ndizi mshare mbichi kwa kisu kidogo kilicholika, vidole vinageuka vyeusi kwa utomvu. Maharage yameshachemka nusu, anapanga ndizi juu yake, anatia magadi kidogo na chumvi, anafunika kwa jani la mgomba, anapunguza kuni. Hapo anaondoka kabisa, anaenda kumwona ng'ombe. Akirudi anakoroga kwa mwiko hadi ndizi na maharage vinakuwa kitu kimoja, rangi ya udongo. Kama hujazoea, siku ya kwanza unajiona kama unatumikia adhabu. Pembeni mboga ya mnafu, ule mchungu kwelikweli, na mtindi wa kwenye kibuyu. Nyama ni Krismasi, Pasaka, harusi, au jirani akichinja. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, alikunywa, msidanganyane. Kata moja ya kunywea, siku ya soko au kukiwa na shughuli, na anaimaliza polepole hadi wenzake wanamtania.

Nilichochelewa kukiona ni bakuli lake. Lilikuwa la bati, jeupe, limebanduka rangi pembeni, linaingia kama ngumi mbili za mtu mzima. Analijaza mara moja tu. Chungu bado kina chakula, wajukuu tunapigania ukoko, yeye ameshaliosha la kwake na kulifunika. Na chakula cha jioni kilikuwa kabla giza halijaingia, kwa sababu tu mafuta ya taa yalikuwa ghali na hakutaka kula gizani. Kuanzia hapo ni maji hadi alfajiri. Sasa hivi watu wanalipia semina kufundishwa kufunga kula kwa saa 12, bibi alifundishwa na bei ya mafuta ya taa.

Halafu mlima. Kibosho ukitoka mlangoni unapanda au unashuka. Ng'ombe wa ndani anataka majani kila siku ya Mungu, na majani yako chini huko. Unashuka mikono mitupu, unapanda na mzigo kichwani. Alifanya hivyo hadi akiwa na miaka themanini na kitu, baba alipomkataza kwa ukali, na hata hapo alikuwa akitoroka na mundu ndani ya khanga.

Sasa mimi. Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 34, naishi Kimara, Dar, nasambaza vifaa vya umeme, kutwa niko kwenye gari. Asubuhi supu na chapati mbili, mchana wali, katikati soda mbili, na saa nne usiku chipsi mayai kwa sababu foleni ya Morogoro Road imenifikisha saa hiyo. Wikendi kitimoto (nyama ya nguruwe) na bia. Nilikuwa na kilo 98. Kazini wakaleta watu wa kupima afya bure, nikapanga foleni kwa utani. Presha 162 kwa 104. Yule dada akapima tena, akaniangalia usoni, akaniuliza kama nimekuja na ndugu.

Nikaanzishiwa vidonge, na Desemba nikapanda Kibosho likizo ya wiki tatu. Bibi alikuwa na miaka 90 (wakati ule tukijua ni 102). Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama tumboni: "Hilo tumbo unalipeleka wapi?" Wiki tatu nilikula chungu chake, nililala saa tatu, nilishuka kukata majani na binamu zangu hadi magoti yakalia. Niliporudi Dar nilikuwa na kilo 93 na presha 138 kwa 88. Nikasema basi, siri ni ndizi.

Ndipo nikafanya kosa ambalo naona wengi humu mnalifanya. Kila Jumamosi nikawa naenda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, nanunua mkungu mzima. Mke wangu anaziunga na nazi na nyama ya ng'ombe, mimi nakula sahani mbili saa nne usiku mbele ya mpira. Ndizi zilezile za mlimani! Hadi Juni nilikuwa na kilo 97. Nilikuwa nimehamisha chakula cha bibi bila bakuli lake, bila saa zake, bila ule mlima.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na hili nakuomba ulishike. Mwaka 2018, baada ya kurekebisha hayo kidogo na presha kushuka, niliacha vidonge kimyakimya. Niliona nimepona kwa njia ya asili. Miezi minne baadaye nikaamka kichwa kinagonga, jicho la kushoto linaona ukungu, presha 190 kwa mia na ngapi sijui, nikalazwa siku tano. Daktari hakunigombeza. Alisema tu kwamba chakula kilikuwa kinasaidia dawa na dawa inasaidia chakula, na mimi nimemfukuza mmoja. Hadi leo nameza, ila kipimo cha chini kuliko cha mwanzo.

Kuhusu kama hiki chakula cha kienyeji kina ukweli wowote wa kisayansi au ni sisi kujisifia: kuna utafiti uliofanyika kwetu kabisa, Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, ukachapishwa 2025 kwenye jarida la Nature Medicine. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Wa kijijini wakalishwa vyakula vya mjini kwa wiki mbili, vya kukaanga, nyama za viwandani, mkate mweupe. Wa mjini wakalishwa cha kijijini: ndizi, maharage, mbogamboga, nafaka za ulezi. Kundi lingine likanywa mbege kwa wiki moja. Wale wa kijijini damu yao ikaanza kuonyesha dalili za uchochezi, yaani ule moto wa ndani kwa ndani unaohusishwa na magonjwa ya moyo na kisukari, na chembe zao za kinga zikalegea kupambana na vimelea. Wale wa mjini ikawa kinyume, na wa mbege vilevile wakapata nafuu. Mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kuisha. Wiki mbili tu, mkuu! Ila nao walikuwa vijana, wote wanaume, na wiki mbili haziwezi kukwambia nani atafika 90. Na tafadhali mtu asiende kwa mama muuza mbege na kusema daktari wa Uholanzi kaagiza ndoo.

Wasabato wa California, Marekani, nao wamefuatiliwa miaka mingi. Matokeo yaliyotolewa 2001 yalionyesha wanaume wao wanaishi miaka 7.3 zaidi ya Wakalifornia wengine weupe, wanawake 4.4. Hao kadi za kuzaliwa wanazo. Hawavuti, hawanywi, wengi hawali nyama au wanaila kwa nadra, na Sabato wanapumzika kweli. Ukiwa jirani wa Wapare utajua ninachosema, wale wazee wa Kisabato wa milimani kule Same ni wagumu kama mpingo. Wa kisiwa cha Okinawa, Japani, walikuwa wanakula viazi vitamu kama sisi ndizi, na wana msemo wao wa kuacha kula tumbo likiwa limejaa asilimia 80. Kisha vijana wao wakazoea baga za kambi za Wamarekani, na mwaka 2000 wanaume wa Okinawa wakajikuta nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi. Kisiwa ni kilekile, damu ni ileile.

Kuna mdau juu hapo kaandika kwamba zamani watu wote waliishi miaka mingi na hospitali ndizo zinatuua. Hapana. Miaka ya 1960 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa chini ya 50, leo umepita 65. Bibi huyuhuyu alizaa wanane akazika watatu kabla hawajafika umri wa shule, na walikuwa wanakula chungu kilekile. Wale wazee tunaowaona ni waliovuka. Waliobaki njiani hawana fulana. Na yeye mwenyewe moshi wa jikoni ulimwachia kikohozi cha miaka, na bila upasuaji wa mtoto wa jicho asingemwona hata huyo ng'ombe wake. Naupenda ule mtindo wa maisha, ila sitaki kuupaka sukari.

Kwa hiyo hiyo 35,000 yako. Mimi ningeenda gengeni: mnafu au mchicha, maharage, viazi vitamu, ndizi, dagaa, vinatosha wiki na chenji inabaki. Sukari kwenye chai niliipunguza kijiko kimoja kwa mwezi hadi ikaisha, sikuiacha ghafla kwa sababu najijua. Nakula kabla ya saa moja na nusu usiku, foleni ikinibana nakula kazini kabla ya kutoka. Nashuka kituo kimoja kabla ya changu. Nina kilo 86. Ijumaa mojamoja kitimoto nakula, mke wangu asome hapa asisome.

Na lile bakuli la bati nilimwomba shangazi, ninalo Kimara. Watoto wanalicheka.

Kinachonisumbua ni baba. Ndiye kitinda mimba wa bibi, kihamba (shamba la ukoo) ni chake, migomba ni ileile, hewa ileile. Ana miaka 66 na ana sukari tangu akiwa na 58. Umeme umefika, kwa hiyo anakula taarifa ya habari ikiisha. Duka liko getini, mkate na soda vipo. Ng'ombe aliuzwa. Na bodaboda siku hizi zinapanda hadi mlangoni. Desemba iliyopita nilimshawishi tutembee kwenda misa, kama kilomita moja ya kushuka, tukapiga soga vizuri sana njiani. Misa ilipoisha nikageuka kumtafuta tuanze kupanda, nikamwona ameshakaa nyuma ya pikipiki, ameshika kofia yake, ananipungia mkono: "Wewe si ndiye unayetaka miaka mingi? Tutakutana nyumbani."