Gari likila tairi za nyuma, anza kukagua chini ya gari

Wengi wetu hapa Dodoma tukikagua tairi tunatazama za mbele. Unakata usukani, kashata zote (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) zinaonekana, unaridhika. Za nyuma hazikati kona, zimefunikwa na madigadi, na upande unaoisha mara nyingi ni ule wa ndani. Ukisimama nje unaona tairi nzima. Ukilala chini ukamulika tochi, unakuta waya zimeanza kuchungulia. Nimeliona hilo kwenye gari langu, kisha nikaliona kwenye magari ya watu wanaokwenda Mtumba kila asubuhi wakiwa na watoto kiti cha nyuma, na linanisumbua moyo.

Gari langu ni la kutoka Japani, lililotumika, kama mengi ya mjini hapa. Tairi za nyuma zilianza kulika kwa ndani wakati za mbele, zilizofungwa siku moja nazo, bado nzima. Gereji ya kwanza walinipa jibu ambalo kila mtu hupewa: "Bosi, hizi tairi ni za bei rahisi, tafuta za maana." Sikukubali. Tairi yenye mpira dhaifu huisha haraka, ni kweli, lakini huisha kote. Ikiisha ukingo mmoja huku mwingine una kashata kama ilivyotoka dukani, ujue kuna kitu kinailaza au kinaipindisha.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, isome tairi iliyokwisha. Kwanza mulika uhakikishe hakuna waya, zisikuchane. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi kutoka ndani kwenda nje. Ukisikia upande mmoja wa safari hiyo mkono unateleza na kurudi kingo za kashata zinakukwaruza, gurudumu halitazami mbele sawasawa. Linachungulia ndani au nje, na tairi inaburuzwa huku inazunguka, kama ndala ya mtu anayetembea amepinda mguu.

Hesabu yake inatisha. Tairi ya gari dogo ina kipenyo cha kama milimita 600. Tuseme ukingo wake wa mbele umeingia ndani milimita 3 tu kuliko wa nyuma, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa kila kilomita unayokwenda, tairi hiyo inalazimishwa kwenda pembeni mita 5. Kutoka hapa hadi Morogoro ni karibu kilomita 260, kwa hiyo umeisugua kwenye lami, kwa ubavu, zaidi ya kilomita nzima. Hakuna tairi ya bei yoyote inayovumilia hilo.

Kwangu chanzo kilikuwa bushi za mikono ya nyuma, yaani mipira inayoshika vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasisi. Fundi wa pili alipandisha gari, akaingiza mtaimbo kati ya mkono na chasisi, akasukuma taratibu. Mkono ukahama. Mpira wa bushi ulikuwa umeachana na chuma chake pande zote, umebaki umekaa tu mahali pake. Gari likisimama, gurudumu linaonekana limenyooka. Likitembea, mkono unavutwa nyuma na gurudumu linageuka. Ndiyo maana kupima alaimenti, yaani magurudumu yanatazama wapi, kabla ya kubadilisha bushi ni kutupa pesa: vipimo vya kwenye mashine vitakuwa safi, na ukifika Ihumwa vimeshahama. Bushi kwanza, alaimenti baadaye. Uwe tayari pia kukuta bolti za kurekebishia zimeganda kwa kutu, hasa kama gari lilitumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagwa chumvi. Zikigoma, zikatwe zifungwe mpya. Usikubali fundi aseme "hizi ziache hivyo".

Na alaimenti yenyewe, uliza kabla hujaingiza gari: mnapima magurudumu mangapi? Sehemu nyingi hupima mawili ya mbele, wakanyoosha usukani, wakachukua hela. Magurudumu ya nyuma yakiwa yamepinda upande mmoja, gari hutembea kiubavu kidogo na usukani hukaa umeinama hata barabara ikiwa imenyooka. Ukinyoosha mbele peke yake umeficha dalili tu. Dai karatasi yenye vipimo vya magurudumu yote manne, vya kabla na vya baada.

Wenye Vitz, IST na magari mengine madogo ambayo magurudumu ya nyuma yameunganishwa na chuma kimoja, kwenu mara nyingi hakuna bolti ya kurekebisha. Tairi ikilika upande, kagua beringi, bushi za chuma hicho, na kama chuma chenyewe hakijapinda baada ya kuingia shimoni au kuruka tuta kwa kasi.

Mzigo nao. Ukitoka Kibaigwa na magunia ya mahindi kwenye buti, nyuma inakaa chini, na kwenye gari ambalo kila gurudumu lina mikono yake, tairi zinalala, sehemu yake ya juu ikiingia ndani. Safari moja haina shida kubwa. Lakini springi zikichoka, gari linabaki limekaa hivyo hata likiwa tupu, na tairi zinakwisha kwa ndani kila siku. Pima kwa mkono nafasi kati ya tairi na madigadi, kushoto na kulia, ulinganishe.

Shokapu zikifa tairi huonyesha mabonde mabonde kuizunguka, na gari linavuma hadi watu wanabadilisha beringi bure. Ikiisha katikati peke yake, upepo umezidi. Zikiisha kingo zote mbili, upepo umepungua. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kichwani mwa fundi pancha, na kipimwe asubuhi kabla ya kutembea, maana tairi ikipata joto upepo huonekana mwingi kuliko ulivyo.

Kama gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark X, tairi za nyuma kuwahi kwisha ni kawaida, mradi ziishe sawa. Zihamishe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, kama saizi za mbele na nyuma zinafanana.

Sasa, ukishatengeneza, na hela inatosha tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na za mbele. Najua wengi hufanya kinyume. Mbele ikiteleza, unapunguza mwendo na usukani unarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka na dereva wa kawaida hana la kufanya. Mvua zetu huanza karibu na Desemba, baada ya miezi ya vumbi na mafuta kujikusanya kwenye lami, na mvua ya kwanza ndiyo inayotelezesha kuliko zote. Kagua za nyuma mwezi Novemba. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vidonge vidogo vya mpira. Kashata ikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6. Tazama vile vya upande wa ndani.